Kumkumbuka mama aliyekuwa pia bibi: la kufanya tangu msibani hadi mwaka wa kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefiwa na mama, na ambaye wanawe wamefiwa na bibi siku hiyohiyo. Sitaeleza habari za kuosha maiti wala taratibu za kuzika. Hayo yana wenyewe: mashehe, wachungaji na wazee wa mtaa wapo. Ninachoeleza ni namna ya kumhifadhi mama mwenyewe, yaani sauti yake, maneno yake, upishi wake, watu wake na mahali alipolala.

La kushika kabla ya yote ni kwamba kazi hii huanzia msibani, turubai likiwa bado limefungwa. Wengi hungoja kwanza wapoe. Wakishapoa, mama mdogo amesharudi Tanga, mawifi wa marehemu wamesharudi Kigoma, na wale bibi wawili waliochota naye maji utotoni hawakutani tena mpaka msiba mwingine, ambao pengine ni wa mmoja wao. Hakuna siku nyingine ambayo watu wote waliomjua mama wanalala nyumba moja bila haraka ya kuondoka. Tumia siku hizo.

Wasifu usiandikwe kama fomu

Kwa Wakristo, wasifu wa marehemu husomwa nyumbani au kanisani kabla ya kwenda makaburini. Mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana mwenye laptop, watu watatu wakimtamkia majina kwa pamoja. Matokeo yake tunayajua: amezaliwa, amesoma, amefunga ndoa, ameugua, ameacha watoto 6 na wajukuu 14, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Badilisha jina tu, wasifu huo unamfaa mama yeyote wa wilaya nzima.

Mambo ya tarehe na vizazi yape aya moja, basi. Aya zinazofuata ziwe za mama. Aliamka saa ngapi? Mikono yake ilikuwa haikosi nini? Nini kilimuudhi? Ukiandika "alikuwa mkarimu na mcheshi" hujasema kitu. Ukiandika kwamba mtu hakupita mbele ya kibaraza chake saa saba mchana bila kuitwa aje ale, na akikataa alifungiwa chakula aondoke nacho, waliomjua watacheka na kulia papo hapo. Ugonjwa wake utoshe kwa sentensi moja. Majirani hawana haja ya kusikia majibu ya vipimo vyake kwenye kipaza sauti.

Majina yaandike yote: watoto waliotangulia mbele ya haki, watoto wa kambo, na wale aliowalea bila kuwazaa. Kabla ya kuchapa, orodha isomewe kaka au dada mkubwa pamoja na mama mdogo mmoja mwenye kumbukumbu. Mtoto aliyesahauliwa kwenye wasifu wa mama yake hasahau, na hata watoto wake watasimuliwa. Ni bora msomaji awe mjukuu mkubwa, si kitinda mimba, kwa sababu anayesoma anatakiwa afike mwisho. Kurasa mbili zinatosha.

Kwa Waislamu mazishi hufanywa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na wasifu hausomwi makaburini. Basi uandikeni kwa utulivu baadaye. Usomwe siku ya hitima, au ukae ndani ya familia tu. Si kila kilichoandikwa lazima kisomewe watu.

Kaa mkekani, si kwenye viti vya plastiki

Katika misiba yetu mingi wanaume hukaa nje chini ya turubai, na wanawake hukaa ndani kwenye mikeka. Nje zitazungumzwa siasa, Simba na Yanga, na bei ya mbolea. Maisha ya mama yako yanazungumzwa ndani. Kama wewe ni mtoto wa kiume, piga hodi, vua viatu, uwaamkie, uombe nafasi: "Shikamooni mama zangu. Naomba nikae nanyi kidogo, nataka mnisimulie mama alivyokuwa kabla hajanizaa." Hakuna bibi atakayekufukuza kwa ombi hilo.

Muda mzuri ni jioni, baada ya chakula, chai ikiwa imemiminwa. Waombe ruhusa ya kurekodi. Simu iweke kwenye mto karibu na mzungumzaji, mbali na feni, na uiwashe hali ya ndege ili isiite katikati ya jambo. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya waliopo, maana baada ya miaka kumi sauti zote za wazee huanza kufanana. Ukimaliza, ipe faili jina palepale.

Usiulize "tuambie kuhusu mama". Swali pana hupata jibu pana: alikuwa mtu mzuri, Mungu amlaze mahali pema. Uliza vitu vyenye mipaka:

- Mlikuwa mnachota maji wapi, na njiani mlikuwa mnaimba nini?
- Nani alileta posa, na mahari ilikuwa nini?
- Baba alipomuona mara ya kwanza ilikuwa wapi? (Hapa watacheka kwanza. Subiri.)
- Nani alimfundisha kusuka, kupika, kufinyanga au kushona?
- Watoto aliozaa wakafariki wadogo, waliitwa nani?
- Aligombana na nani, na walipatanaje?

Swali la watoto waliofariki liulize kwa upole, na uliulize la mwisho. Kwenye familia nyingi za kizazi hicho lipo, na majina hayo hayamo kwenye karatasi yoyote.

Halafu kuna tabu ya miaka. Wanawake wengi waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940 hawakuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Tarehe iliyoko kwenye kitambulisho ni ya kukadiria, ndiyo maana utakuta wazee chungu nzima wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hata Bi Kidude, mwimbaji aliyejulikana dunia nzima, alipofariki Zanzibar Aprili 2013 hakuna aliyeweza kutaja umri wake kwa hakika. Watu walisema amepita 100, na mwenyewe alikuwa akisema amezaliwa zama za rupia.

Rupia zile ndizo zinazotuonyesha njia. Bibi asiyejua mwaka anajua tukio. Muulize mama mdogo: baba yenu alikuwa ameshakwenda Keya, yaani jeshi la mkoloni la KAR, na vita vya Burma, au bado? Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, dada yako alikuwa ameshavunja ungo? Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Mlipohamishiwa kijiji cha ujamaa, miaka ile ya 1974, alikuwa amembeba nani mgongoni? Vita ya Kagera, 1978 na 1979, nani alikwenda na nani hakurudi? Siku Waziri Mkuu Sokoine alipofariki, 12 Aprili 1984, mlikuwa nyumba ipi? Ilipozama MV Bukoba, Mei 1996, ama zilipokuja mvua za El Nino mwaka uliofuata, alikuwa ameshahamia mjini? Visiwani uliza Mapinduzi ya Januari 1964. Kenya uliza uhuru wa Desemba 1963, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978, na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Matukio manne tu yakikaa sawa, maisha ya mama yamepata mgongo, na mengine yote yatashikizwa hapo.

Wanavikundi wenzake usiwasahau. Mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wa upatu, wa kwaya au wa madrasa walimjua mwanamke ambaye ninyi watoto hamkumjua: aliyekopesha, aliyedai, aliyesimama kwenye kikao akamkatiza mwenyekiti. Katibu wa kikundi atakuambia pia kama kuna akiba yake au deni. Deni la marehemu lilipwe mapema, kabla ya kugawana chochote.

Watani na wajukuu waachwe

Pale penye watani, kama ilivyo baina ya Wahehe na Wangoni, mtani huja msibani akamwigiza marehemu. Atavaa kanga kama alivyoivaa, atachechemea alivyochechemea, atauliza "nani kamaliza sukari yangu?" kwa sauti yake. Wageni wa mjini hukasirika. Usimkataze mtani, na ukiweza mchukue video. Hiyo ndiyo picha pekee utakayobaki nayo ya namna mama alivyotembea, maana sisi tunapiga picha watu wakiwa wamesimama wima wamekunja uso.

Wajukuu nao wana utani wao na bibi, na ni wa haki. Bibi aliyekuwa akimwita mjukuu wa kiume "mume wangu" ameacha mjane wa miaka tisa ambaye hajui aingie upande gani wa msiba. Mpe nafasi. Muulize mbele za watu bibi alikuwa akimwambia nini, naye aseme. Watoto wana mambo ya bibi ambayo sisi tulikuwa hatuambiwi: alikoficha pipi, alichosema juu ya baba, hela aliyowapa wasituambie.

Watoto wadogo waambiwe ukweli kwa neno lenyewe: bibi amefariki. Usiseme amesafiri, maana watamngoja. Usiseme amelala, maana usiku wataogopa kulala. Mtoto wa miaka minne atauliza tena kesho, na keshokutwa. Mjibu vilevile. Wakubwa kidogo wape kazi: wa kuandika majina ya wageni, wa kupanga picha, wa kumwagilia maua ya bibi. Kazi hiyo ya maua iendelee hata turubai likishafunguliwa.

Daftari la rambirambi ni mali

Lile daftari la kaunta, lenye majina na michango, huwa linaishia kwa mweka hazina wa msiba na baadaye chini ya godoro. Liombe mapema. Piga picha kila ukurasa, kuanzia jalada. Mle ndani kuna ramani ya watu wa mama: nani alitoka wapi, nani alileta mchele, nani alileta kuni, nani alitoa shilingi 1,000 aliyokuwa nayo. Mwakani huyo wa shilingi 1,000 akifiwa, mtajua pa kwenda. Kumkumbuka mama kwa namna hii kunatimizwa kwa miguu, kwa kuhudhuria misiba ya watu wake.

Kundi la WhatsApp la "Msiba wa Mama" nalo msilivunje siku ya pili. Kuna picha na salamu za pole ambazo hazipo kwingine. Zihifadhi kwanza, kisha mkitaka mbadilishe jina la kundi, mkaendelea nalo.

Simu ya mama

Hii ndiyo sehemu inayopotea upesi kuliko zote, na ni rahisi kuliko zote. Ndani ya simu ya mama, na ndani ya simu zenu, kuna ujumbe wa sauti. Mwingi ni wa sekunde chache: "Mwanangu umekula? Nimeona mvua huko kwenu kwenye taarifa ya habari." Ule unaoonekana hauna maana ndio wenye maana. Usichague, hifadhi wote.

WhatsApp hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120 hivi. Kwa hiyo ndani ya mwezi wa kwanza kila mtoto na kila mjukuu afungue mazungumzo yake na mama, atumie ile sehemu ya kutoa nakala pamoja na faili zake, kisha azitume kwenye barua pepe au Google Drive ya familia. Aliye Muscat, Minneapolis au London afanye hivyohivyo na atume. Mara nyingi walio mbali ndio wenye sauti nyingi zaidi, maana wao walikuwa wakiongea na mama kwa simu tu. Mmoja wenu awe mpokeaji, azipange kwa mwaka na kwa jina la aliyetumiwa.

Simu yenyewe msiifute kumbukumbu ili apewe mjukuu "aanzie maisha". Kwanza toeni picha, video, na orodha ya majina. Angalieni mama alivyowaandika watu: "Fundi bomba mwizi", "Mama Asha wa dagaa", "Mwanangu wa Moshi". Orodha hiyo ni sauti yake pia.

Laini ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu huweza kuifunga, na namba ikauzwa tena. Siku moja mjukuu atampigia bibi, simu ipokelewe na dereva wa bodaboda. Bora familia ijue hilo mapema. Pesa zilizomo kwenye simu ni sehemu ya mirathi. Hata kama unaijua namba yake ya siri, usizitoe kimyakimya. Ndugu wengi walianza kusemana kwa hela ndogo ya simu kabla hawajafika kwenye shamba.

Kama alikuwa na Facebook, ukurasa wa marehemu unaweza kuombewa ubaki kuwa wa kumbukumbu. Jina lake hubaki, na neno la ukumbusho huwekwa kando yake, hakuna anayeweza kuingia tena. Ni bora kuliko kumwachia mtoto fulani mwenye neno la siri, akaendelea kuweka picha kwa jina la mama kila sikukuu.

Sanduku na kanga

Kugawa nguo hufanywa na familia nyingi baada ya arobaini. Kanuni yangu ni moja: hakitoki kitu kabla hakijapigwa picha. Lifungueni sanduku mkiwa wote, mchana, mawifi wakiwepo, na mtu mmoja mwenye simu nzuri.

Kanga kila moja itandikwe yote, pindo nne zionekane na jina lake lisomeke. Mama alizinunua kwa jina. Ile aliyoivaa siku fulani mbele ya jirani fulani haikuwa bahati mbaya, na mama mdogo atakueleza ilimlenga nani. Andikeni chini ya picha: alipewa na nani, kwenye harusi ya nani, au aliinunua baada ya ugomvi gani. Doti moja ambayo haijakatwa ihifadhiwe ilivyo. Zitakazotunzwa zifuliwe, zikaushwe kivulini, zikunjwe kwa kufungwa kwenye shuka ya pamba pamoja na karafuu au majani makavu ya mwarobaini. Mfuko wa nailoni hushika unyevu, na baada ya masika utakuta madoa. Mara moja kwa mwaka zitoeni zipigwe na upepo.

Katika kugawa, wa kwanza kuchagua awe aliyemuuguza. Wakati mwingine huyo si mtoto wala mkwe, ni dada wa kazi aliyemwogesha na kumgeuza kitandani. Hilo litaleta manung'uniko, na manung'uniko yenyewe yaachwe yapite. Kisha watoto, kisha wajukuu, kila mmoja kitu kimoja kwanza. Vitu vya thamani ya fedha, kama dhahabu, mashine ya kushonea au hati ya kiwanja, visiingizwe hapa. Vina njia yake ya mirathi.

Picha za zamani

Picha za studio, zile zenye pazia la maua nyuma, zitoe kwenye albamu zenye gundi taratibu. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, utaacha uso wa mama kwenye kioo. Ipige picha ikiwa humohumo. Kupiga kwa simu kunatosha: weka picha juu ya meza karibu na dirisha, taa ya simu izimwe, simama upande ambao kivuli chako hakiangukii, na simu iwe sambamba na meza. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya.

Waonyeshe wazee picha hizo kwa mpangilio: nani huyu, na huyu, na huyu aliyekatwa nusu? Aliyekatwa nusu huwa ana hadithi.

Kikombe cha bati

Upishi wa mama haukuandikwa kwa sababu vipimo vyake vilikuwa vyombo vyake. Ukimuuliza binti-mkwe vitumbua vya mama vilikuwaje, atasema: mchele vikombe vitatu, tui kiasi, hamira kidogo, iliki za kutosha. Kikombe kipi? Basi kabla vyombo havijagawanywa, kitafute kikombe chenyewe. Kwa kawaida ni kile cha bati chenye ukingo wa buluu uliobanduka, kilichokuwa ndani ya pipa la mchele na si kabatini.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ujaze kikombe mpaka pale mama alipokuwa akiishia. Hakuwa akijaza mpaka ukingoni, na waliopika naye wanapajua. Tazama nusu lita imejaza vikombe vingapi. Hapo umepata kipimo cha kuandika, na hata kikombe kikipotea kipimo kinabaki.

Kisha pikeni, si kuandika kwa kukumbuka. Aliyekuwa akipika naye ashike mwiko, mwingine ashike kalamu, na mwandishi aandike anachokiona: mchele umelowekwa usiku kucha, umesagwa na tui la kwanza, uji kidogo umepikwa ukachanganywa, umeachwa mpaka juu yake mapovu yanapasuka yenyewe. Chuma cha vitumbua kipate moto kwanza, mafuta kijiko katika kila tundu, rojo isijae. Kinageuzwa kikiwa kati bado kinatikisika. Mapishi ya kwanza hayatatoka sawa. Mtu mmoja ataonja aseme "bado, mama alikuwa anaweka kitu", na ubishi utakaofuata, iliki au arki, ndio kazi yenyewe. Chagueni vyakula vitatu au vinne alivyosifika navyo, msijitwishe vyote.

Arobaini, misa na sadaka

Kwenye hitima, juzuu 30 hugawiwa wasomaji, Kurani ikakhitimishwa kwa kikao kimoja, ikafuata dua na chakula. Wapo mashehe wanaosema kuweka siku maalumu ya arobaini hakuna msingi, na wapo wanaoifanya miaka yote. Familia ielewane wiki mbili kabla, ndani, chini ya mzee mmoja. Kubishana mlangoni mbele ya wageni ni kumvunjia mama heshima. Wakatoliki humwombea marehemu kwa misa, na tarehe 2 Novemba ni siku ya marehemu wote. Walutheri wengi hufanya ibada ya shukrani. Kwa wote, neno langu ni moja: pilau la arobaini lisikopewe. Mama aliyekuwa akificha noti kwenye pindo la kanga ili mlipiwe ada hatafurahishwa na deni la mchele.

Fulana zenye picha na vitenge vya sare si vibaya, ila fedha yake ikilinganishwa na sadaka yenye kuendelea naona bora hiyo ya pili. Waislamu wanaifahamu hadithi ya Mtume kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Kisima ni kizuri, lakini si kila familia inakiweza, na visima vingi hufa pampu ikiharibika kwa sababu hakuna aliyetenga fedha ya fundi. Anzieni kwenye jambo alilokuwa akilifanya mama. Alikuwa akimpa uji mtoto wa jirani? Mnunulieni sare na madaftari kila Januari. Alikuwa akifagia msikiti au kanisa? Pelekeni mikeka na mafagio. Kitu kidogo kinachorudiwa kila mwaka, chenye jina la mtu anayewajibika, hudumu kuliko kikubwa kilichozinduliwa kwa picha.

Kaburi lisipotee

Nyumbani kijijini, kihambani au shambani, kaburi halipotei. Mjini hupotea, na kwenye makaburi yaliyojaa kama Kinondoni, Dar es Salaam, baada ya masika moja utapita juu yake usijue. Siku ya mazishi, mtu mmoja ahifadhi mahali pale kwenye ramani ya simu, apige picha akiwa amesimama kichwani mwa kaburi, mti au ukuta wa karibu ukionekana, na ahesabu safu kutoka njiani.

Ardhi ya kaburi jipya hutitia, kwa hiyo wanaojengea wasikimbilie vigae mwezi wa kwanza. Mafundi wazuri watakuambia usubiri mvua ipite. Bamba likiandikwa, herufi zisomwe na watu wawili kabla fundi hajachonga. Kwa Waislamu wengi alama ya jiwe au kibao kidogo inatosha, na usafi wa mara kwa mara ni bora kuliko kuta.

Karatasi, kwa ufupi

Tanzania Bara kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30. Baada ya hapo inawezekana, lakini safari zinaongezeka. Majina ya mama yafanane na yaliyoko kwenye kitambulisho, kadi ya benki na hati. Kama moja linasema Mwanahamisi na jingine Mwanaamisi, hati ya kiapo itahitajika. Cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo ndivyo mtakavyokwenda navyo mahakamani kuomba msimamizi wa mirathi, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Toeni nakala, na ile halisi ikae kwa mtu mmoja anayejulikana na wote. Chukueni fursa hiyo pia kuweka pamoja kadi yake ya kliniki, cheti cha ndoa, kadi ya chama na vitabu vya michango. Msimamizi ataviona ni takataka. Mjukuu atakayeandika habari za ukoo ataviona tofauti.

Mwaka wa kwanza na baada yake

Chagueni siku moja ya mwaka, ile itakayowakuta wengi nyumbani. Si lazima iwe tarehe ya kifo. Kwa familia za Kilimanjaro Krismasi inafaa, kwa watu wa Pwani Idi. Siku hiyo kaburi lisafishwe, vitumbua vipikwe, rekodi moja ya mkekani isikilizwe, na kila mwaka mtu aongeze jambo moja kwenye daftari la mama, lile mnaloandikia habari zake.

Akizaliwa mtoto wa kike, jina la bibi litarudi lenyewe kwa makabila mengi. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza humchukua bibi mzaa baba, na wa pili bibi mzaa mama. Anayepewa jina asibebeshwe kuwa bibi. Apewe jina, picha moja, na kikombe akishakua.

Vyote vilivyokusanywa viwe na nakala tatu: moja kwenye Drive ya familia, moja kwenye flashi au diski, na maandishi yaliyochapwa kwenye karatasi. Flashi isikae kwa kaka mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Ikae kwa anayejua kuifungua, ikaguliwe kila mwaka siku hiyohiyo mliyoichagua, na neno la siri la Drive liandikwe ndani ya jalada la daftari la mama, lijulikane na watu wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa mjukuu.